Mtoto wa Kerengende

Rayya kaleta chupa ya asali kutoka kwenye falaji.
Ndani yake maji, kokoto tatu, kijiti cha mtende,
na kitu cha rangi ya tope, miguu sita,
ambacho mama mkwe alipokiona alisema ni mende
na kitoke nyumbani mwake.
Hakikutoka. Kilikaa dirishani, kando ya daftari la sayansi,
tukakilisha viluwiluwi.

Viluwiluwi tunawajua. Mvua ikishapita
wadi ya Ibra huwasahau kwenye vidimbwi.
Miguu huchomoza, ya nyuma kwanza, mkia ukanywea,
na asiyewahi kuwa chura kabla maji hayajakauka
hubaki juu ya tope kama alama ya mkato
katika sentensi isiyoendelea.

Chetu kiliwala wote. Kina mdomo wa chini
uliokunjwa kama mkono ndani ya buibui:
hufyatuka, hunyakua, hurudi,
uso ukabaki mpole vilevile.
Tena kinapumua kwa makalio.
Nilipomsomea Rayya habari hiyo
alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Kinaitwaje? aliuliza, kwa Kiarabu,
nami nikamjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tunavyosemezana,
kila mtu na ukingo wake wa mfereji.
Nikahesabu. Mtoto wa chura, kiluwiluwi.
Wa nzi, buu. Wa kipepeo, kiwavi, usimguse atakuwasha.
Wa nzige ni tunutu, anayeruka kwa miguu
huku akingoja kuruka kwa mbawa.
Wa kerengende?
Nikampigia dada yangu, Wete. Akamuuliza jirani.
Jirani akajibu kutoka uani, nikamsikia mwenyewe:
Kerengende hana mtoto. Anakuja tu.

Nilikuja tu.
Miaka kumi na mmoja, viatu vya kuazima.
Kule tulikuwa Wamanga,
huku darasa zima likaniita Zinjibari.
Safari ilikuwa ya saa tano, na katikati yake
hapakuwa na jina.
Mwaka mzima nilikaa dawati la nyuma,
rangi ya ukuta, mdomo umekunjwa,
napumua ninavyojua mwenyewe.
Hayo sijamwambia Rayya.

Kiwavi hupewa chumba. Hujifungia ndani ya bundo,
akalala, akayeyuka, akaamka mwingine.
Hiki hakina chumba. Mara tatu kilivua ngozi chupani
na mara tatu kikatoka kilekile, kikubwa zaidi,
chenye njaa zaidi.
Halafu siku mbili hakikula.
Alhamisi, kabla ya adhana, kikapanda kijiti
hadi nje ya maji, kikashika, kikatulia.
Mgongo ukapasuka.

Kichwa kilitoka, kisha miguu, kisha akaning'inia
kichwa chini, hajitikisi,
nikaona aibu kwa yale nitakayomwambia mtoto.
Kumbe alikuwa akisubiri miguu ikauke.
Akajiinua ghafla, akaishika sura yake ya zamani utosini,
akavuta mkia.
Mbawa zilikuwa matambara ya maji.
Tukazitazama zikijikunjua, mshipa kwa mshipa,
Rayya kavaa soksi moja,
basi la shule likipiga honi, likipiga tena.

Tuliporudi saa nane kijiti kilikuwa na gamba tu,
limekumbatia bado, macho ya kioo,
na kwenye ule mpasuko nyuzi nyeupe nne au tano:
mirija ya pumzi. Hata pumzi aliivua.
Rayya akachora. Akaandika siku, idadi ya mbawa,
na mahali pa jina la yule wa majini
akapiga mstari, akaniangalia,
akauacha mtupu.
Je, anayakumbuka maji?
Sijui, mwanangu.

Jioni mama mkwe alifuta vumbi la dirisha.
Alifuta kote, kwa hasira zake za kila siku,
akalizunguka gamba.